Maji kwanza, gari baadaye

Mwambie mtu aliyezaliwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa kwamba joto linaua, atakutazama kwa huruma. Joto ni letu, tumekua nalo. Kaskazi inapoanza kuvuma mwezi Desemba tunajipepea kwa kipande cha boksi, tunatoa mkeka kibarazani, tunalalamika umeme ukikatika, na maisha yanaendelea. Ndiyo maana mtu akianguka juani saa nane mchana, sababu zinazotujia kichwani ni nyingi na joto halimo. Presha imempanda. Sukari imeshuka. Hajala tangu asubuhi. Ni malaria, ni kifafa, ana pepo, kavuta bangi.

Nina jambo moja la kusema leo, na linaniuma. Mtu aliyezidiwa na joto hadi akili ikaanza kumtoka anaweza kuokolewa pale pale alipoanguka, na watu wale wale waliomzunguka, kwa maji yaliyopo karibu. Sisi tunaziacha dakika hizo zipotee tukitafuta gari.

Nililiona hili kwenye jengo la ghorofa hapa mjini, siku ya kumwaga zege la slabu. Wanaoifahamu kazi hiyo wanajua haina kupumua: mashine ikianza kuzunguka, foleni ya wabeba karai inapanda na kushuka ngazi za mbao mpaka slabu iishe. Kijana mmoja, mgeni kazini, alianza kwa kupotea. Alipanda juu na karai tupu. Safari iliyofuata akageuka katikati ya ngazi na kuanza kushuka na zege lake. Wenzake wakacheka. Baadaye kidogo akamtukana nyapara matusi ambayo hakuna aliyewahi kumsikia akiyatamka, na hapo ikakatwa hukumu kwamba amevuta. Alipoanguka, shati lilikuwa limelowa chapa na ngozi inaunguza kama karai lililoachwa juani. Watu wakamzingira. Mmoja akamnyunyizia maji usoni kwa vidole. Mwingine akamfungua kinywa ili amnyweshe soda. Wawili wakatimua mbio barabarani kuita bajaji. Hatua chache kutoka pale alipolala palikuwa na mapipa mawili ya maji ya kuchanganyia zege, yamejaa hadi ukingoni, na hakuna aliyeyagusa. Bajaji ilipofika, akabanwa katikati ya wenzake waliokuwa nao wametota jasho, wakaingia kwenye foleni ya magari.

Alipona, lakini baada ya kulazwa na kusafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zilikuwa zimegoma.

Mwili wa binadamu hujishikilia kwenye nyuzi joto 37 hivi, na anayefanya kazi nzito hutengeneza joto jingi kutoka kwenye misuli yake mwenyewe, mbali na lile la jua. Njia yetu kubwa ya kulitoa ni jasho. Ila jasho linalodondoka chini halijapoza kitu. Linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Hewa ya Pwani kati ya Januari na Machi imejaa unyevu, na jasho haliendi popote, linabaki kututelezea mgongoni. Kwa hiyo nyuzi 33 za Dar es Salaam zenye fukuto zinaweza kumlemea mbeba mizigo kuliko nyuzi hizo hizo kule Dodoma, ambako hewa ni kavu na shati hukauka mwilini. Namba inayosomwa kwenye taarifa ya hali ya hewa haitoshi kukuambia hatari. Ongeza bati linalorudisha jua usoni, ovaroli nzito na kofia ngumu, na mtu mwenye afya njema anaweza kupanda hadi nyuzi 40 na kuzidi huku amesimama kwa miguu yake. Hapo ubongo huanza kuyumba, misuli huanza kuvunjika na uchafu wake kuziba figo, ini huumia, na damu huanza kuganda vibaya.

Kabla ya kufika huko, mara nyingi mwili hutoa onyo. Harara shingoni na kwapani ni kero tu. Misuli ya mapaja na tumbo kukaza kwa maumivu ni ishara kwamba mtu ametoa jasho jingi na chumvi nyingi, apumzike. Kinachofuata ni uchovu wa joto: kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, ngozi imepauka na kulowa jasho, miguu haina nguvu, mkojo kidogo tena wa rangi ya chai ya rangi. Huyu mpeleke kivulini, mlaze, inua miguu yake, mlegeze nguo, mloweshe, mpepee, mpe maji kidogo kidogo. Ukiwa na pakiti ya chumvichumvi ya kutibu kuharisha, ile ya ORS, ichanganye na maji safi lita moja. Kama huna, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye lita moja vinafanya kazi hiyo. Anatakiwa awe amepata nafuu ndani ya nusu saa. Asipopata, ni mgonjwa wa hospitali.

Mpaka kati ya huyu na anayekufa kwa kiharusi cha joto uko kwenye akili. Si kwenye jasho. Wengi wamefundishwa kwamba aliyepatwa na kiharusi cha joto huwa na ngozi kavu, hivyo wakiona jasho hutulia. Ngozi kavu ni ya kawaida kwa mzee aliyekaa siku nzima kwenye chumba cha moto. Kijana anayebeba karai, mwanajeshi mafunzoni au mkimbiaji anaweza kuanguka na kiharusi cha joto akiwa bado anachuruzika. Kwa hiyo mwulize maswali. Unaitwa nani? Hapa ni wapi? Leo umekuja na nani? Akijibu ovyo, akicheka bila sababu, akiwa mkali ghafla, akitembea kama mlevi, akianza kutetemeka kwa degedege au akizimia, na alikuwa kwenye joto, usingoje kipimo cha mtu yeyote. Anza kumpoza.

Na kumpoza maana yake ni maji mengi. Watu wawili wamhamishe kivulini, mmoja apige simu na kutafuta usafiri, mwingine amvue viatu, ovaroli na shati. Kisha ndoo baada ya ndoo, kuanzia kichwani mpaka nyayoni, bila kukoma, huku wengine wakimpepea kwa nguvu kwa chochote: boksi, turubai, mfuniko wa sufuria. Kama kuna beseni kubwa, pipa lililokatwa au tangi fupi, aingizwe mwili mzima hadi shingoni, na mtu mmoja amshike kichwa na makwapa asizame, wala asimwache hata kidogo. Barafu ikipatikana, na mijini haiko mbali kwa sababu muuza samaki anayo na muuza juisi anayo, ifungwe kwenye kitambaa iwekwe shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu, huku maji yakiendelea kumwagwa. Kunyunyiza matone usoni ni desturi yetu ya kumwamsha aliyezimia. Kwa joto la nyuzi 40 hakusaidii chochote.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo ambalo vitabu vya huduma ya kwanza vilivyoandikwa ng'ambo havina habari nalo. Anapoanguka mama muuza mboga sokoni, watu wanaona haya kumvua, na haya hiyo ina sababu zake. Basi msimvue hadharani. Akina mama wa sokoni wanajua la kufanya kuliko sisi: wamzungushie kanga, wamlegeze nguo za kubana ndani yake, wamfunike kanga moja nyepesi iliyoloweshwa, na maji yamwagwe juu ya kanga hiyo. Kanga ya pamba iliyolowa ikipepewa inapoza vizuri. Ila isiachwe ikauke wala ipate moto. Ikigeuka kuwa ya uvuguvugu iloweshwe tena. Kitambaa kilichopata joto kikiachwa mwilini humfunika mgonjwa badala ya kumpoza.

Usimpe kitu chochote kinywani mtu asiyejua yuko wapi. Soda ile, maji yale, uji ule unaweza kuingia kwenye mapafu. Akitapika au akiwa amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu. Panadol na aspirini msimpe. Dawa hizo hushusha homa inayotokana na ugonjwa, pale mwili wenyewe unapokuwa umeamua kupandisha joto. Hapa mwili umeshindwa kulitoa, na dawa zinaweza kuongeza madhara kwa ini na damu ambavyo tayari viko taabani.

Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu nimelisikia kwa wazee na kwa vijana pia: mtu mwenye moto mwilini ukimmwagia maji ya baridi utamshtua, moyo utasimama, au atapata nimonia. Hofu hiyo inaua. Katika mji wa Falmouth, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, hufanyika mbio za maili 7 kila mwezi Agosti, na wakimbiaji wengi huzidiwa na joto. Madaktari wa pale huwatumbukiza kwenye mabeseni ya maji yenye barafu mara tu wanapoanguka. Rekodi zao za miaka 18 zilikuwa na wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto, na wote walitoka hai. Waliwapoza pale pale uwanjani kwanza, ndipo wengine wakapelekwa hospitali. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa michezo leo ni hiyo: poza kwanza, safirisha baadaye, na joto liwe limeshuka ndani ya dakika 30 tangu mtu aanguke. Nusu saa hiyo ndiyo bajaji yetu huimaliza kwenye foleni ya Buguruni au Ubungo, Dar es Salaam.

Kwa mzee, hasa mwenye ugonjwa wa moyo, kumtumbukiza kwenye barafu si njia ya kwanza. Kumlowesha na kumpepea ndiyo njia yake, nayo ina historia inayowahusu Waislamu wa Pwani moja kwa moja. Daktari Msudani Mustafa Khogali na mwenzake wa Uingereza Joseph Weiner walichapisha mwaka 1980 maelezo ya kitanda cha wavu walichokibuni, ambapo mgonjwa hunyunyiziwa maji mepesi kama ukungu na kupulizwa hewa vuguvugu ili maji yakauke mfululizo juu ya ngozi. Vitanda hivyo vilitumika Makka kuwatibu mahujaji. Hata kwa maarifa hayo, hija ya Juni 2024 ilipoangukia siku ambazo kipimo kwenye Msikiti Mkuu kilifika nyuzi 51.8, Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, na ikasema zaidi ya wanne kati ya kila watano walikuwa watu wasio na kibali cha hija. Maana yake walikuwa watu wasio na hema lenye kiyoyozi wala nafasi kwenye basi, waliotembea mwendo mrefu juani. Joto halikuchagua kabila wala nchi, lilichagua aliyekosa kivuli.

Na hapa ndipo ninapogeuka kuwatazama wenye kazi. Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti zake za mwaka 2024, lilikadiria kwamba wafanyakazi bilioni 2.4 duniani hufanya kazi kwenye joto lililopita kiasi, na Afrika ndiko sehemu kubwa zaidi ya wafanyakazi iko kwenye hatari hiyo: zaidi ya 9 kati ya kila 10. Vijana wetu wanaokwenda Ghuba hukuta huko sheria ya kusimamisha kazi za juani. Oman huzuia kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Qatar, tangu 2021, huzuia kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, na kazi ya nje hutakiwa kusimama wakati wowote kipimo kinachojumlisha joto, unyevu na jua kikipita nyuzi 32.1. Sizisifu nchi hizo. Wafanyakazi wengi wameumia huko na malalamiko yao yanajulikana. Ninachosema ni kwamba waajiri wa huko waliamriwa kuangalia saa na kipimo. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi, lakini kwenye majengo ninayopita, joto hushughulikiwa na kibarua mwenyewe kwa chupa yake ya maji aliyotoka nayo nyumbani.

Jibu la makandarasi ni kwamba zege halisubiri. Ni kweli, halisubiri, na mafundi wanajua kwamba joto huliharibu: hukauka upesi kabla halijashika na kupata nyufa. Ndiyo maana wahandisi makini humwaga slabu alfajiri au usiku. Kesho yake saidia fundi hupewa mpira wa maji na magunia, akaambiwa alimwagilie zege, alifunike magunia mabichi, asiliache likauke kwa siku 7. Nimewaona wakifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, chini ya jua lile lile, na vichwa vyao vikiwa wazi. Mwajiri anayejua ratiba ya kunywesha slabu hana udhuru wa kutojua ratiba ya kunywesha mtu: kikombe kimoja kila robo saa au dakika 20, kivuli kilicho karibu, na mapumziko yanayorefuka kadiri jua linavyokaza.

Wa kwanza kulindwa awe mgeni. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto: huanza kutoa jasho mapema zaidi, jingi zaidi, lenye chumvi kidogo. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani inaeleza kwamba karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza kabisa, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza. Sasa mfikirie kijana aliyeshuka kwenye basi jana usiku akitokea Makete au Mbeya, ambako asubuhi huvaa sweta, na leo saa moja yuko kwenye foleni ya karai. Yeye ndiye anayetaka kuonyesha kwamba anaweza, na ndiye asiyethubutu kusema amechoka. Wenzetu hao wa Marekani wana kanuni rahisi: siku ya kwanza mgeni afanye sehemu moja ya tano tu ya muda wa kazi ya juani, kesho yake aongezewe kiasi hicho hicho, hivyo hivyo mpaka afikie kazi nzima. Nyapara hahitaji fedha kuifuata. Anahitaji kujua nani ni mgeni.

Shule nazo zisijione salama. Mwezi Februari 2025 Sudan Kusini ilifunga shule zake kwa muda kwa sababu ya joto, baada ya Wizara ya Elimu kusema kwamba mjini Juba wanafunzi wapatao 12 kwa siku walikuwa wakianguka. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imezifunga pia. Mwalimu anayewasimamisha watoto paredi saa tano juani kwa sababu mgeni rasmi amechelewa, na awaketishe kivulini.

Wazee wanaoishi kwenye vyumba vya bati visivyo na dirisha la pili wanahitaji mtu wa kuwachungulia mchana na tena usiku, kwa sababu chumba kilichokula jua siku nzima hakipoi jua likizama. Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000 katika joto la Agosti 2003, wengi wao wazee, wengi wakiwa ndani ya nyumba. Anayetumia dawa za presha zinazomkojoza asiziache, ila amwulize daktari wake mapema kuhusu msimu wa joto. Mtoto asiachwe kwenye gari lililofungwa, hata kwa kisingizio cha kununua mkate. Ndani ya dakika 10 tu joto humo hupanda kwa nyuzi kama 10.

Miaka hii Ramadhani imeangukia msimu wetu wa joto: ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Mbeba mizigo aliyefunga ana haki ya kupangiwa kazi nzito alfajiri na nyepesi mchana, na wenzake wana wajibu wa kumwangalia zaidi. Akianza kuonyesha dalili nilizozitaja, kufungua kwa sababu ya ugonjwa kumeruhusiwa na dini yenyewe, na siku hiyo atailipa. Msimwache akiona kwamba kuanguka ndiyo uchamungu.

Mkimpeleka mgonjwa hospitali, endeleeni kumlowesha njiani, madirisha wazi, watu wachache. Mkifika, mwambieni daktari au muuguzi alikuwa akifanya kazi gani, alianguka saa ngapi, amepozwa kwa muda gani. Kipimajoto cha kwapani kwa mtu aliyetoka kumwagiwa maji kinaweza kusoma chini sana kuliko hali halisi ndani ya mwili, na asiyeambiwa habari hiyo anaweza kuanza kutafuta malaria tu. Malaria na homa ya uti wa mgongo zipimwe pia, kwa sababu zinafanana na hali hii, na kumpoza hakutakuwa kumemdhuru.

Halafu kuna siku zinazofuata. Aliyepatwa na kiharusi cha joto hatakiwi kurudi kwenye jua wala kazi nzito mpaka daktari aridhike kwamba figo, ini na misuli vimerudi, na hilo linaweza kuchukua wiki kadhaa. Kibarua anayelipwa kwa siku, ambaye jina lake liko kwenye daftari la nyapara tu, atarudi keshokutwa kwa sababu watoto wanakula. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 kwa ajili ya watu wanaoumia wakiwa kazini, na huyu ameumia kazini sawasawa na aliyeangukiwa na tofali. Wakandarasi wawasajili vibarua wao, na siku za kupona mgonjwa huyu zilipwe.